Mianzi ya Ua Mjini Tabora: Ya Majani Madogo Inunuliwe, ya Njano Iulizwe Maswali Kwanza

Kitalu ninachokitathmini hapa kipo kando ya barabara mjini Tabora, chini ya miembe mikubwa inayokipa kivuli mchana kutwa, na wengi wanakifahamu kwa waridi, miashoki na nyasi za kupanda. Siku hizi kinauza pia mianzi ya mapambo kwa wanaotaka ua wa kijani badala ya ukuta. Nilinunua miche ya aina zote mbili zilizokuwapo, mingine kwa ajili ya kiwanja chetu cha Isevya na mingine kwa uwanja wa nyumba ndogo ya wageni inayoendeshwa na familia, na kwa kuwa imekwishapitia mvua na kiangazi vya kutosha kuonesha tabia yake, naona naweza sasa kuitolea hukumu. Mianzi ya majani madogo ni bidhaa nzuri inayostahili bei yake, na sijaona mmea mwingine wa ua unaopatikana hapa mjini unaoishinda kwa uzuri na kwa urahisi wa kuutunza ukishakomaa. Mianzi ya njano nayo imekuzwa kwa uangalifu, lakini inauzwa kwa kazi isiyoifaa, na mnunuzi haambiwi jambo hilo mpaka aulize na kurudia kuuliza.

Kabla ya kufika kwenye kitalu chenyewe, yafaa msomaji aelewe mianzi inavyokua, kwa sababu hasara nyingi za wanunuzi huanzia hapo. Mwanzi ni nyasi, wa ukoo mmoja na mahindi, mpunga na muwa, na tabia yake yote inategemea shina lililo chini ya ardhi. Iko mianzi ambayo shina hilo ni jembamba na refu, linalotambaa kwa mlalo na kuchomoza machipukizi mbali na mahali ulipopandwa mche, kiasi kwamba miaka michache baadaye chipukizi linaweza kutokea katika shamba la mboga la jirani. Phyllostachys aurea, ambao hupandwa sana kama pambo katika nchi nyingi, ni wa kundi hilo. Kundi la pili ni mianzi ya vichaka: shina lake la chini ni fupi, nene, limejipinda kuelekea juu, na kila chipukizi hutokea karibu na lile lililotangulia, hivyo kichaka hunenepa polepole kutoka katikati bila kuruka mipaka. Kwa ua wa nyumba, hasa katika viwanja vyetu vinavyobanana, kundi hili la pili pekee ndilo linalofaa. Nilifungua viriba vichache mbele ya muuzaji, naye hakukataa, nikakuta aina zote mbili za kitalu hiki ni za vichaka. Hilo ni la kumsifu, maana si kila auzaye mianzi ya mapambo anaweza kukuhakikishia hivyo.

Aina ya kwanza, ambayo pale huitwa ya majani madogo, ni Bambusa multiplex, yenye asili ya kusini mwa China na nchi zilizo jirani. Ikiachwa ikue hufikia kati ya mita 3 na 7, mianzi yake ni myembamba, haizidi sana sentimita 2 na nusu kwa upana, na sifa yake kubwa ni kwamba matawi na majani huanza karibu kabisa na ardhi. Sifa hiyo ndiyo inayoufanya ua uwe ua. Mmea unaoficha kichwa na kuacha miguu wazi haumzuii mbwa, kuku wala jicho la mpita njia. Kitalu kilikuwa na miche mingi ya kijani tupu, na michache ya ile yenye rangi ya njano na michirizi ya kijani ambayo wakulima wa maua duniani huiita 'Alphonse Karr'. Hii ya michirizi hukua sawa na ndugu yake wa kijani, na ningependa kitalu kiizalishe zaidi, kwa kuwa kwa sasa hugawiwa kwa wateja wawili watatu ikaisha.

Aina ya pili ndiyo yenye mgogoro. Huitwa mwanzi wa njano, na ni Bambusa vulgaris wenye pingili za rangi ya dhahabu zilizochorwa mistari ya kijani. Hakuna anayepita pale asiutazame. Lakini huu ni mwanzi mkubwa: hufikia mita 10 hadi 20, pingili zake zinaweza kufika sentimita 10 kwa upana, kichaka chake hupanuka kitako mwaka hadi mwaka, na ukishakomaa sehemu ya chini hubaki na matawi machache huku ncha zikiinama nje kila upande. Katika kiwanja cha kawaida cha mjini, mmea wa namna hiyo ukipandwa kwenye mstari wa mpaka utamla mwenye nyumba nafasi yake, utamwinamia jirani juu ya bati, na mapema au baadaye utagusa nyaya za TANESCO. Nilipomuuliza kijana aliyekuwa akihudumia kwamba unakua kiasi gani, alinijibu kwa adabu, "Mama, huo unakua unavyoutunza. Ukiukata, haupandi." Nikamwambia, "Sawa mwanangu, lakini usipokatwa unafika wapi?" Akacheka kidogo. "Hapo mama labda umsubiri mzee mwenyewe." Mzee mwenye kitalu alipofika hakuficha neno. Alisema mara moja kwamba ule si wa ua bali ni wa kona ya uwanja mpana, na kwamba yeye huuzalisha kwa kuwa watu huupenda rangi. Tatizo basi si ujuzi wa mwenye mali, ni kwamba ujuzi huo haumfikii mteja anayekuja wakati mzee hayupo, na kibao kilichochomekwa mbele ya miche kinasema tu "mianzi ya uzio" kwa aina zote mbili.

Jambo hili linaniudhi zaidi ya linavyostahili, labda, lakini nina sababu. Tanzania ni miongoni mwa nchi 9 zilizoanzisha mwaka 1997 shirika la kimataifa la mianzi na henzirani, INBAR, lenye makao yake Beijing, na mianzi imekuwa katika maisha ya watu wetu tangu zamani, kwa vikapu, dari, vihenge na, kule kusini, kwa ulanzi. Nchi yenye historia hiyo haipaswi kumwacha mnunuzi achague mmea wa kukaa naye miongo kadhaa kwa kutazama rangi yake. Kibao chenye mstari mmoja unaotaja aina na urefu wa mwisho kingetosha, na gharama yake ni kipande cha bati na rangi.

Tuje kwenye miche yenyewe, ambako kitalu hiki kinafanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Mianzi ya njano huzalishwa kwa vipande vya mwanzi vyenye vifundo viwili au vitatu vinavyolazwa kwenye udongo wenye unyevu hadi vitoe mizizi na majani, na mianzi ya majani madogo huzalishwa kwa kukigawa kichaka kikubwa katika mafungu madogo yenye mianzi kadhaa kila moja. Njia hii ya pili humpa mnunuzi mche wenye shina la chini lililokwisha kukamilika, na ndiyo maana miche ya majani madogo iliyotoka pale haikunisumbua kushika. Kwa ile ya vipande vya mwanzi tahadhari ni lazima, kwa sababu kipande kinaweza kutoa majani mazuri na hata mizizi bila kuwa bado kimejenga shina la chini, na mche wa namna hiyo hupendeza kwa miezi michache kisha ukanyauka bila sababu inayoonekana. Dalili ya mche uliokamilika ni chipukizi jipya linalotoka kwenye udongo wenyewe, pembeni ya kipande cha zamani, na si tawi linalochomoza juu kwenye kifundo. Mzee mwenye kitalu hutenga miche ambayo bado haijatoa chipukizi la ardhini na hukataa kuiuza, jambo ambalo nimelishuhudia akilifanya mbele ya mteja aliyekuwa tayari na fedha mkononi.

Kuna jambo moja ambalo wateja wengi hulikosea na ambalo kitalu hulichukulia faida: urefu wa mche. Miche mirefu inauzwa kwa bei ya juu kuliko mifupi, ilhali mwanzi mmoja mmoja ukishamaliza kukua hauongezeki unene wala urefu tena maisha yake yote. Unene wa mwanzi huamuliwa siku unapochomoza ardhini, kisha hurefuka kwa kasi kwa wiki au miezi michache, ukasimama hapo. Kichaka ndicho kinachokua, kwa kutoa kila msimu wa mvua machipukizi yaliyo manene na marefu kuliko ya msimu uliopita. Hivyo mche mrefu wenye mwanzi mmoja una thamani ndogo kuliko mfupi wenye mianzi minne na vichipukizi viwili vinavyochungulia, na ningemshauri mnunuzi achague huo mfupi, alipe kidogo, na atumie tofauti kununua samadi.

Samadi inahitajika kweli. Udongo wa sehemu kubwa ya Tabora ni kichanga chepesi kisichoshika maji wala rutuba kwa muda mrefu, na mvua zetu ni za msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi ya ukavu ambayo mmea mgeni huiona kama adhabu. Nilichimba mashimo yenye upana na kina cha karibu sentimita 60, nikachanganya udongo wa juu na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na kupanda mvua zilipokuwa zimekwisha kushika, si kwenye manyunyu ya mwanzo yanayodanganya. Kijana wa kitalu alishauri nafasi ya nusu mita kati ya mche na mche. Sikumfuata. Kwa nafasi hiyo ua huziba mapema, lakini unalipia miche maradufu, na miaka michache baadaye vichaka vinabanana na kunyang'anyana maji katika udongo usio na maji ya kutosha hata kwa kimoja. Kwa mianzi ya majani madogo, mita 1 hadi mita 1 na nusu inatosha. Ule wa njano, kwa atakayeupanda, apewe mita 4 au 5 na asitegemee kuwa utakuwa ua.

Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoamua. Mianzi ya vichaka ikishazamisha mizizi na kujitengenezea zulia la majani huvumilia ukavu vizuri, lakini mche wa mwaka wa kwanza unahitaji maji ya kutosha kulowesha shimo zima mara mbili au tatu kwa wiki, na anayemwagia kikombe kimoja kila jioni anaifundisha mizizi kukaa juu juu ambako jua litaiunguza. Tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofika Tabora, kazi hii imekuwa nyepesi kuliko enzi ambapo mji ulitegemea mabwawa yake, likiwamo la Igombe, ingawa bili ya maji ni bili, na anayepanda mita 30 za ua inampasa kuiweka kwenye hesabu tangu mwanzo. Maji yaliyooshea mboga na vyombo visivyo na mafuta mengi yanafaa pia. Mwanzi wenyewe humwambia mtu unapoona kiu: majani hujikunja kwa urefu wake yakawa membamba, na yakimwagiwa hufunguka tena. Majani machache kugeuka manjano na kuanguka wakati wa ukavu ni jambo la kawaida, kwa sababu mmea unabadilisha majani yake ya zamani, na hapana haja ya kukimbilia kitalu kudai fedha.

Mchwa walinitia wasiwasi zaidi ya ukavu. Kila mwenye bustani Tabora anajua kwamba mti ulio dhaifu hauwaponyoki. Kwa uzoefu wangu, mianzi iliyomwagiwa maji vizuri haikuguswa, na iliyoshambuliwa ni michache iliyokuwa mwishoni mwa mstari, mahali ambapo mpira wa maji haukufika sawasawa. Matandazo ya nyasi kavu yanasaidia sana kushika unyevu, lakini yasilundikwe yakagusa shina, maana huwa njia ya mchwa. Mianzi inapoanza kuangusha majani yake yenyewe, yaachwe hapo hapo chini, kwa kuwa yana silika nyingi, madini ambayo mmea huyatumia kuimarisha pingili, na kuyafagia kila asubuhi kwa ajili ya usafi wa macho ni kuunyang'anya ua chakula chake. Najua ushauri huu hautapendwa na akina mama wa mjini waliozoea kuuona uwanja ukiwa na alama za ufagio.

Matokeo yamenipendeza. Ua wa majani madogo katika kiwanja cha Isevya umeziba kiasi cha kutoona barabara kutoka barazani, na vumbi la kiangazi ambalo zamani lilitua moja kwa moja kwenye viti sasa linabaki kwenye majani. Kinachonifurahisha zaidi ni upunguzaji wake. Mchongoma hukatwa leo na baada ya wiki chache umerudi, lakini mwanzi uliokatwa kileleni hauongezeki tena kwenda juu, bali hunenepesha matawi yake ya pembeni. Hivyo kila mwaka kazi ni kukata ncha za mianzi mipya tu baada ya mvua, kwa urefu uleule, na kuondoa chini kabisa mianzi mikongwe iliyozidi miaka mitatu ili kichaka kipumue. Ikatwe juu kidogo ya kifundo, pasibaki kikombe cha pingili kinachokusanya maji ya mvua, kwani mbu huzaliana humo bila shida yoyote. Fito zinazopatikana zinafaa kwa kusimikia nyanya na maharage, ingawa zikiwekwa ghalani bila kukaushwa vizuri huliwa na wadudu wanaopenda wanga uliomo ndani yake, zikabaki unga.

Nikilinganisha na mimea mingine inayotumika hapa, minyaa ni rahisi kuliko yote, huota kwa kuchomeka tawi, haijui ukame, na kwa vizazi vingi imezunguka miji na maboma ya Unyamwezi, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho na sitaupanda mahali watoto wanapocheza. Michongoma inalinda kuliko mianzi, kwa miiba yake. Anayeogopa wezi kuliko macho ya watu achague huo, au ajenge ukuta, kwa sababu ua wa mianzi humficha mtu lakini haumzuii aliyedhamiria kupita. Miashoki, ambayo kitalu hikihiki kinaiuza kwa wingi, hupanda juu imenyooka na kwa mtindo wake ina heshima, ila huchukua miaka mingi na hauzibi vizuri nafasi iliyo kati ya mti na mti.

Watu wameniuliza kuhusu nyoka zaidi ya walivyoniuliza kuhusu kitu kingine chochote. Mwanzi hauna harufu wala tunda linalomwita nyoka. Panya ndiye anayemwita, na panya hufuata makombo na uchafu uliorundikwa chini ya kichaka chochote kilichojifunga. Nimeondoa vitawi vya chini kwa kimo cha kiganja tu, ili niweze kuona kitako cha kila kichaka, na sitaki takataka za jikoni zitupwe hapo. Kuhusu misingi ya nyumba, mizizi ya mianzi hii ni ya nyuzinyuzi kama ya nyasi na haina mzizi mkuu wa kupasua, lakini kichaka kinaponenepa kinaweza kusukuma ukuta mwembamba au bomba, kwa hiyo nimeacha zaidi ya mita 1 kati ya ua na jengo. Hatari ambayo watu hawaitaji ni moto. Mwezi wa nane na wa tisa, wakati nyasi za viwanja vitupu zinapochomwa ovyo, majani makavu yaliyolala chini ya ua yanaweza kushika, na anayepakana na kiwanja kisichojengwa asafishe ukanda wa udongo mtupu upande wa nje.

Nina lawama moja ya ziada ambayo ni ya vitalu vyote, si hiki peke yake. Nchi yetu ina mwanzi wake wa asili wa nyanda za chini na za kati, Oxytenanthera abyssinica, unaoota kwa vichaka katika misitu ya miombo, wenye pingili nzito zilizojaa au kukaribia kujaa ndani, na unaovumilia kiangazi kirefu na udongo wa mawe kuliko wageni hawa wawili. Si mzuri kama ule wa njano, na ni mgumu kuzalisha kwa vipande, pengine ndiyo sababu wauzaji hawajishughulishi nao. Una kasoro pia ya kutoa maua baada ya miaka mingi na kichaka kilichotoa maua kufa, ingawa huacha mbegu, tofauti na Bambusa vulgaris ambao hutoa maua kwa nadra na karibu hautoi mbegu kabisa. Hata hivyo, kwa shamba lililo nje ya mji, mahali pasipo bomba, ningeulipia kwa furaha kama ungekuwapo kwenye meza ya kitalu.

Kwa upande wa bei, mche wa majani madogo niliuziwa kwa Sh 6,000 na wa njano Sh 10,000, nikapunguziwa kidogo kwa kununua kwa wingi. Ni ghali ukilinganisha na mche wa mwashoki, na mtu mwenye mstari mrefu wa ua atashtuka akipiga hesabu. Anayeweza kusubiri anunue michache, aipande kwenye kitalu chake mwenyewe penye maji, kisha aigawanye msimu unaofuata. Mzee mwenye kitalu mwenyewe ndiye aliyenipa wazo hilo, na muuzaji anayekufundisha namna ya kununua kidogo anastahili kuaminiwa. Usafiri ulipangwa kwa guta, na hapo huduma ilishuka: viriba vilipangwa kwa kulazwa vikabebana, na baadhi ya machipukizi machanga, ambayo huvunjika kwa kuguswa tu, yalifika yakiwa yamekatika. Nilipolalamika nilibadilishiwa miche iliyoharibika bila mabishano, ila ilinibidi kugharamia tena guta la pili. Atakayenunua adai viriba visimamishwe wima na vifungwe kamba kabla ya kulipa nauli, au achukue kirikuu chenye mbao za pembeni kama mzigo ni mkubwa.

Ua wa majani madogo naupa nyota nne na nusu kati ya tano. Mwanzi wa njano naupa nne kwa yule mwenye uwanja mpana na kona ya kuupa, kama ilivyo kwenye nyumba yetu ya wageni ambako umesimama peke yake mbali na kila kitu na wageni huupiga picha, na mbili kwa yeyote anayeuziwa kama uzio. Kitalu hupokea miche mipya kuelekea mwishoni mwa Oktoba, ile ya majani madogo huisha mapema, na kufikia Januari kinachobaki mezani ni ya njano tupu. Anayekwenda afike asubuhi siku ya kazi, mzee mwenyewe akiwapo, na aseme tangu mwanzo upana wa kiwanja chake.